Wasomaji wanauliza: habari ya kujiua iandikweje isije ikaua tena?

Safu ya mwezi huu tumeiachia mada moja, vyombo vya habari na vifo vya kujiua. Maswali yametoka kwa waandishi, wasimamizi wa kurasa za mtandaoni, mwanafunzi wa uzamili na mzazi aliyefiwa. Njia ambazo watu hutumia hatukuzitaja popote, hata pale utafiti wenyewe ulipozitaja.

SWALI: Mhariri wangu anasema habari haiui mtu, na kwamba hizi ni nadharia za kizungu. Kuna ushahidi wowote kwamba habari ya kujiua inaweza kumsukuma mtu mwingine kujiua?
Mtangazaji wa redio, Mwanza

JIBU: Upo, na umekusanywa kwa miaka hamsini. Mwaka 1974 mwanasosholojia wa Marekani, David Phillips, alichukua habari za kujiua zilizotoka ukurasa wa mbele wa New York Times kati ya 1947 na 1968. Idadi ya waliojiua katika mwezi uliofuata kila habari aliilinganisha na ya mwezi huohuo wa mwaka uliotangulia na wa mwaka uliofuata. Vifo vilipanda baada ya habari. Alipofariki mwigizaji Marilyn Monroe Agosti 1962, ongezeko lilikuwa takriban asilimia 12 nchini Marekani na asilimia 10 Uingereza na Wales. Phillips aliliita jambo hilo athari ya Werther, kwa jina la mhusika anayejiua katika riwaya ya mwandishi Mjerumani Goethe ya mwaka 1774, ambayo mji wa Leipzig uliipiga marufuku kwa hofu kwamba vijana wangemuiga.

Mhariri wako anaweza kujibu kwamba huenda ilitokea tu, au kwamba waliokufa walikuwa wameshaamua na habari iliwawahisha siku chache. Hoja hizo zina majibu. Ongezeko lilikuja baada ya habari, si kabla yake. Habari ilipopewa nafasi kubwa zaidi, vifo viliongezeka zaidi, tena hasa katika eneo ambalo habari ilisomwa zaidi. Na kama watu wangekuwa wamewahishwa tu, miezi iliyofuata ingeonyesha upungufu wa kufidia. Phillips aliutafuta upungufu huo hakuuona.

Mwaka 2020 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 31. Baada ya vyombo vya habari kuripoti kifo cha mtu mashuhuri aliyejiua, vifo vya kujiua viliongezeka kwa asilimia 13 katika mwezi mmoja hadi miwili iliyofuata. Pale habari ilipotaja njia, vifo vya njia hiyohiyo viliongezeka kwa asilimia 30. Baada ya kifo cha mchekeshaji Robin Williams Agosti 2014, watafiti wa Marekani walikadiria vifo 1,841 zaidi ya vilivyotarajiwa kufikia Desemba mwaka huo, ongezeko la karibu asilimia 10.

Kuhusu uzungu: tafiti za Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong zimeonyesha mwelekeo uleule. Afrika Mashariki tafiti za namna hii ni chache kwa sababu vifo vyetu vingi havisajiliwi pamoja na chanzo chake. Uhaba wa takwimu si uthibitisho kwamba wasikilizaji wako wana kinga.

Mwambie mhariri wako pia upande wa pili, kwa sababu akiusikia kwa mwingine atadhani ulimficha. Uchambuzi wa 2020 haukuona athari ya wazi kwa habari za kujiua zikichukuliwa zote kwa jumla. Hatari inajikusanya kwenye habari za watu mashuhuri, zinazorudiwarudiwa na zinazoeleza njia. Wala habari haimfikishi mtu mwenye utulivu hapo. Inamgusa ambaye tayari ana maumivu: anamwona mtu anayefanana naye kwa umri, kazi au masaibu, anasoma alivyofanya, na ambalo lilikuwa wazo la mbali linaanza kuonekana kama mlango uliofunguliwa.

SWALI: Kama ni hivyo, si bora tunyamaze kabisa? Sisi tumeamua kutoandika habari hizi tena.
Mhariri wa gazeti la mtandaoni, Dodoma

JIBU: Hapana, na sababu zake zinatoka Vienna, mji mkuu wa Austria.

Treni za chini ya ardhi za mji huo zilianza kazi mwaka 1978. Kuanzia 1984 idadi ya watu waliojiua kwenye reli hizo ilipanda kwa ghafla, na magazeti yakawa yanaandika kila tukio kwa picha kubwa na maelezo ya kusisimua. Katikati ya 1987 chama cha Austria cha kuzuia kujiua kilitoa mwongozo kwa waandishi, kikaeleza mambo yanayoongeza hatari: habari kuwekwa ukurasa wa mbele, picha ya marehemu, neno la kujiua kwenye kichwa cha habari, maelezo ya njia, na sababu inayopambwa ikaonekana ya kimapenzi au ya kishujaa. Magazeti yalikubali. Habari zikawa fupi, zikahamia kurasa za ndani, nyingine hazikuandikwa. Katika nusu ya pili ya mwaka huohuo matukio kwenye reli hizo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 75 yakilinganishwa na nusu ya kwanza, na kwa miaka iliyofuata yalibaki chini. Watafiti walipopima nchi nzima baadaye, upungufu ulionekana zaidi katika mikoa ambayo magazeti yake yalishirikiana kwa dhati.

Ukiishia hapo utasema ukimya umeshinda. Lakini mwaka 2010 Thomas Niederkrotenthaler na wenzake, pia wa Vienna, walichambua makala 497 zilizotoka katika magazeti makubwa 11 ya Austria ndani ya miezi sita ya mwaka 2005, wakazigawa kwa aina. Kurudia habari ya kifo kilekile kuliendana na ongezeko la vifo. Makala zilizoeleza mtu aliyefikwa na mawazo ya kujiua kisha akapata njia ya kuendelea kuishi ziliendana na kupungua kwa vifo. Matokeo hayo yaliitwa athari ya Papageno, kwa mhusika wa opera ya Mozart ya mwaka 1791 ambaye alikata tamaa hadi vijana watatu walipomkumbusha kwamba ipo njia nyingine.

Ukinyamaza kabisa unaifunga na habari hiyo ya pili. Unawaachia pia uwanja watu wa makundi ya WhatsApp, ambao hawana mhariri. Mwanamuziki wa Marekani Kurt Cobain alipojiua mjini Seattle Aprili 1994, wengi waliogopa wimbi la vijana kumuiga. Vyombo vya habari viliripoti sana, ila viliutenganisha muziki wake na namna alivyokufa, na namba za msaada zikatangazwa kila mara. Watafiti hawakuona ongezeko la maana la vifo katika kaunti yenye mji huo, na simu zilizopigwa kituo cha msaada ziliongezeka. Mwaka 2017 mwanamuziki Logic wa Marekani alitoa wimbo ambao jina lake lilikuwa namba ya msaada ya taifa ya wakati huo, ukimweleza kijana anayepiga simu na kusaidiwa. Katika siku 34 ambazo wimbo huo ulizungumzwa zaidi, namba hiyo ilipokea simu 9,915 zaidi ya kawaida, na vifo vya kujiua vilikuwa 245 pungufu ya vilivyotarajiwa.

Kwa hiyo badilisheni uamuzi wenu hivi: kifo cha mtu wa kawaida kisicho na maslahi ya umma, acheni. Kifo ambacho umma una haki ya kukijua, kwa mfano cha kiongozi, cha msanii maarufu au cha mtu aliyekuwa mikononi mwa polisi, andikeni kwa uangalifu. Na kila mwezi tafuteni habari moja ya mtu aliyesaidiwa akapona. Hiyo ya mwisho ndiyo vyumba vyetu vya habari huisahau, nayo ndiyo yenye faida iliyopimwa.

SWALI: Mimi ni mwandishi wa mkoani. Kamanda wa Polisi akizungumza na waandishi hutupa kila kitu: jina, umri, mtaa, njia, ujumbe ulioachwa na “chanzo cha tukio”. Nisipoandika, mwenzangu ataandika na nitaonekana sijui kazi. Niandike nini?
Mwandishi wa kujitegemea, Morogoro

JIBU: Taarifa ya polisi imetengenezwa kwa ajili ya jalada la uchunguzi. Kamanda ana sababu ya kujua urefu, rangi na saa. Msomaji hana. Kutamkwa na Kamanda hakukulazimishi kulichapisha jambo.

Tuchukue habari ya kubuni, lakini ya mtindo tunaouona kila wiki. Kichwa: “Mwanafunzi ajiua kisa simu”. Mwili: jina kamili, miaka 17, kidato cha nne, shule na mtaa vimetajwa. Aya ya pili inaeleza njia, kifaa, na chumba alimokutwa. Aya ya tatu inanukuu ujumbe: “Samahani mama, nimechoka.” Aya ya nne Kamanda anasema chanzo ni kunyang’anywa simu na mama yake. Mwisho jirani anasema: “Alikuwa mtoto mpole, amepumzika na mateso ya dunia.”

Anza na kichwa, kwa sababu wengi husoma hicho tu. Neno “kisa” ndilo linalodhuru zaidi. Linaweka sababu moja mahali ambapo karibu kila mara kulikuwa na mambo mengi kwa pamoja: sonona isiyotibiwa, uonevu shuleni, msiba wa karibuni, pombe, maumivu ya muda mrefu. Kunyang’anywa simu kunaweza kuwa jambo la mwisho lililoonekana na majirani. Ukiandika “kisa simu”, “kisa mapenzi” au “kisa mkopo”, umemwambia kila aliyefikwa na jambo hilohilo kwamba haya ndiyo matokeo yake ya kawaida, na mama umemhukumu hadharani akiwa bado hajazika. Vitenzi vinavyobeba njia ndani yake viondoe kichwani pia. Katika mwili, “amejiua” inatosha, au “amefariki dunia kwa kujiua”.

Aya ya pili ifute yote. Usibakize “kwa kutumia...” ukidhani umepunguza makali, nusu ya maelezo humfanya msomaji atafute nusu iliyobaki. Mahali pataje kwa wilaya tu. Mahali palipokwisha kupata sifa mbaya, kama daraja au jengo fulani, usipataje kabisa, kwa sababu kila habari huwavuta watu wengine hapo.

Ujumbe ulioachwa usiunukuu hata neno moja, wala usiufupishe. Maneno yale yanamfanya marehemu aonekane amejieleza na kumaliza jambo, na msomaji aliye kwenye hali hiyo huyapokea kama sauti yake mwenyewe.

Kauli ya jirani ni ya huruma na aliisema kwa nia njema. Tatizo ni kwamba inasema kifo kimetatua. Mwulize jirani huyohuyo swali jingine: mtaa unafanya nini kwa familia na kwa wanafunzi wenzake? Jibu hilo lina nafasi gazetini.

Baada ya hapo habari inaweza kusomeka hivi:

“Wilaya yaomboleza mwanafunzi wa sekondari. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 17 amefariki dunia Jumanne katika kifo ambacho polisi wanaamini ni cha kujiua. Kamanda wa Polisi wa mkoa amesema hakuna mtu mwingine anayeshukiwa na uchunguzi unaendelea. Uongozi wa shule umesema walimu wa ushauri nasaha watakutana na wanafunzi wa kila kidato wiki hii. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kijana anayejitenga ghafla, anayegawa vitu vyake vya thamani au anayesema kwamba yeye ni mzigo anahitaji kuulizwa na kusikilizwa siku hiyohiyo. Msaada unapatikana kwa namba...”

Ni aya moja, na ina mambo matatu ambayo habari ya mwanzo haikuwa nayo: shule inafanya nini, ishara ni zipi, msaada uko wapi. Mwenzako akikuzidi kwa jina na njia, wewe umemzidi kwa kuuliza maswali aliyoyaacha.

Namba ya msaada usiinakili kutoka habari ya zamani. Ipigie mwenyewe siku hiyohiyo kabla ya kuchapisha, usikie kama inapokelewa, saa ngapi, kwa lugha gani, na kama ni ya bure. Mtu aliyejikaza akapiga akakuta namba haipatikani anaweza asijaribu tena.

Mambo mengine ya kuangalia: usiandike “jaribio lililofanikiwa” wala “lililoshindikana”. Maneno “wimbi”, “mlipuko” na “janga” yaache. Andika “ongezeko” ukiwa na takwimu za kipindi kinachoeleweka, na usitangaze “ongezeko la asilimia 100” wakati matukio yametoka mawili kwenda manne. Redioni habari isiwe ya kwanza, isiwekewe muziki wa maombolezo, na isirudiwe kila saa. Isomwe mara moja au mbili, kisha taarifa inayofuata ibebe upande wa msaada. Tukio la mtu kuua wengine kisha akajiua liandikwe kama mauaji, waliouawa wakitangulia kwenye habari, badala ya kuligeuza kisa cha mapenzi.

Na aliyejaribu akanusurika usimtaje jina kabisa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Habari yako inaweza kuwa ndiyo inayompeleka polisi badala ya hospitali. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinachofanana na hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hata pale sheria ilipobadilika, jina likishaingia mtandaoni halitoki, naye atarudi kuomba kazi na kuoa au kuolewa katika jamii ileile.

SWALI: Nasimamia ukurasa wa Facebook wa habari za mkoa. Tukiweka habari hizi maoni yanafurika, mengine ya matusi. Tufanye nini?
Msimamizi wa ukurasa, Mombasa

JIBU: Kabla ya kuchapisha, angalia vitu ambavyo mhariri wa makala huwa havioni. Anwani ya ukurasa mara nyingi hubaki na kichwa cha awali hata kichwa kikibadilishwa, kwa hiyo njia uliyoifuta huenda bado inasomeka pale juu. Arifa inayotokea kwenye simu ni fupi na haina muktadha. Habari hizi usizitumie arifa. Picha iwe ya jumla, isiwe ya marehemu, ya eneo la tukio wala ya kifaa. Kisanduku cha “habari zinazofanana” kizime, vinginevyo mashine itampangia msomaji mmoja vifo vitano mfululizo, na huko ndiko kurudia kunakoleta madhara. Kifungu cha msaada kiweke juu ya habari, kwa sababu wengi hawafiki mwisho.

Maoni yafungwe kama hakuna mtu wa kuyasoma saa zote. Kama yupo, aondoe yanayotaja njia, yanayodhihaki na yanayosifu. Yule anayeandika “na mimi natamani hivyo” maoni yake usiyafute kimya kimya. Mjibu kwa upole hadharani kwa sentensi moja, mtumie ujumbe wa faragha wenye namba, na kama ameonyesha hatari ya saa hiyo tumia kitufe cha kuripoti ambacho Facebook imekiweka kwa ajili ya watu wanaoweza kujidhuru. Video ya moja kwa moja ya tukio la namna hii isisambazwe hata kwa nia ya kumtambua mtu; iripoti na uwaite polisi na watu walio karibu naye.

SWALI: Nataka kuandika tasnifu kuhusu jinsi magazeti ya Kiswahili yanavyoripoti kujiua. Msimamizi wangu anasema nioanishe habari na idadi ya vifo. Nianzie wapi, na watu hukosea wapi?
Mwanafunzi wa uzamili, Eldoret

JIBU: Ushauri wa msimamizi wako ni mgumu kuutekeleza. Ili kuoanisha habari na vifo unahitaji tarehe, mahali na chanzo cha kila kifo, na usajili wa vifo Kenya na Tanzania hauna ukamilifu huo. Vifo vingine vya kujiua huandikwa kuwa ajali au “sababu haijulikani” kwa ajili ya aibu, bima au sheria. Hata Ulaya, kuoanisha hakukuambii kama aliyekufa aliisoma habari. Anza na uchambuzi wa maudhui: magazeti yanaandika nini, yakipimwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanahabari, ambao ulitoka mwaka 2000 na toleo lake la nne likatoka 2023.

Chagua magazeti na kipindi kabla hujasoma habari hata moja. Mwaka mzima ni bora kuliko miezi mitatu, kwa sababu kifo cha mtu mashuhuri mmoja kinaweza kuteka robo ya mwaka na kukupa picha isiyo ya kawaida. Gazeti la kuchapwa na toleo lake la mtandaoni vihesabu kama vyombo viwili, vichwa hutofautiana.

Utafutaji ndiyo sehemu inayowaangusha wengi. Kumbukumbu nyingi za magazeti hazielewi minyambuliko. Ukiandika “kujiua” hutapata “amejiua”, “alijiua”, “ajiua”, “wakajiua” wala “aliyejiua”. Orodhesha kila umbo, ongeza “kujitoa uhai”, “kukatisha maisha” na vitenzi vinavyotaja njia. Kisha ondoa yasiyohusika: habari za kujitoa mhanga, mwanasiasa “aliyejiua kisiasa”, na hadithi za kubuni. Andika ulipata ngapi, uliondoa ngapi na kwa nini, kila hatua.

Fomu ya uchambuzi iwe na maswali ya ndiyo au hapana yasiyo na utata. “Je, habari inasisimua?” halifai, kila mtu atajibu lake. “Je, kichwa kinataja njia?” linafaa. Weka ukurasa ilipotoka, picha, jina, mahali panapotambulika, njia kwa jumla na njia kwa undani kama maswali mawili tofauti, ujumbe ulionukuliwa, sababu moja iliyotajwa, mtaalamu aliyehojiwa, ishara za hatari, namba ya msaada. Ijaribu kwa habari 20 au 30 ambazo hutazitumia tena, uirekebishe, ndipo uanze.

Wawe wachambuzi wawili. Angalau asilimia 10 hadi 20 ya habari zichambuliwe na wote wawili bila kushauriana, kisha upige kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano yanayozidi ya kubahatisha, kwa kila swali peke yake. Zaidi ya 0.6 huhesabiwa makubaliano mazuri. Wastani wa maswali yote usikutoshe, unaweza kuficha swali bovu. Tena, pale jibu moja linapojitokeza karibu kila mara, kapa hushuka hata kama mmekubaliana sana, kwa hiyo onyesha na asilimia ya makubaliano.

Kosa la mwisho liko kwenye hitimisho. Ukikuta habari nyingi zinataja njia, umethibitisha kwamba magazeti hayafuati mwongozo. Hujathibitisha kwamba yamemuua mtu. Waheshimu pia wachambuzi wako: kusoma habari hizi kwa saa nyingi kunaumiza. Panga saa chache kwa siku, kutaneni kila wiki mzungumze, na uulize kabla ya kumwajiri kama yuko tayari, bila kumdai sababu akikataa. Majina ya marehemu yaondoe kwenye jedwali lako hata kama yalichapishwa.

SWALI: Tulipofiwa na kijana wetu waandishi walifika msibani, na gazeti moja likatoa picha yake na ujumbe wake. Tuna haki gani?
Mzazi, Tanga

JIBU: Pole sana, mzazi wetu. Mna haki ya kutozungumza. Mchagueni ndugu mmoja awe msemaji, awe na sentensi mbili tu, na wengine wote wamwelekeze mwandishi kwake. Vijana waambiwe wasitume picha za marehemu kwa mtu yeyote, kwa sababu picha nyingi hutoka kwenye kurasa zake na za marafiki zake. Funga kurasa hizo mapema.

Kwa kilichokwisha kuchapwa, mwandikieni mhariri barua au barua pepe, mtaje kichwa, tarehe na ukurasa, na muombe jambo moja moja: picha iondolewe, ujumbe ufutwe, jina lifichwe kwenye toleo la mtandaoni. Hifadhini nakala ya habari kabla haijabadilishwa. Asipojibu, pelekeni malalamiko Baraza la Habari Tanzania, ambalo husuluhisha migogoro ya namna hii. Kwa walio Kenya ni Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya.

SWALI: Nikimuuliza mtu moja kwa moja kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo, kama hizo habari mnazozisema?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Hapana. Hofu hiyo inachanganya mambo mawili. Habari inayodhuru inaeleza kifo na njia kwa watu wengi bila kumsikiliza yeyote. Swali lako linamsikiliza mtu mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Madelyn Gould na wenzake uliwahusisha wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Waliokuwa wameulizwa kuhusu kujiua hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya ambao hawakuulizwa, na wale waliokuwa na sonona hawakuzidiwa.

Muulize faraghani, kwa maneno ya wazi: “Umefika mahali pa kufikiria kujiua?” Akisema ndiyo, usimhubirie wala usimuapishe. Usimwache peke yake, ondoeni karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na mpeleke kituo cha afya au hospitali yenye huduma ya afya ya akili, ukikaa naye hadi aonwe. Walio Kenya wanaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Kwa watoto, Tanzania na Kenya zinatumia 116. Ndugu walioko Marekani wapige 988, na walioko Uingereza 116 123.